Kuonja Si Kula

Mama yangu, Sirad, haogopi fisi wala diwani, lakini kile kikopo chenye choo alikipeleka zahanatini kimefungwa kwa mifuko mitatu. Kwa wiki nzima alikuwa akiona vipande vyeupe, bapa, vikijikunja kwenye nguo zake za ndani. Aliniambia mimi peke yangu, tena baada ya kuniapisha.

Zilikuwa zimebaki siku tisa niolewe. Hapa Garissa hakuna anayemshinda Mama kwa nyirinyiri, ile nyama ya ng'ombe inayoanikwa, ikakatwakatwa na kukaangwa kwa samli, na shangazi za mchumba wangu walikuwa wanakuja kutoka Buna kuila. Siri ikivuja, nani angetia mkono kwenye chombo chake?

Daktari, kijana wa Kitui, aliangalia kwenye hadubini kisha akarudi.

"Ni tegu, mama. Unakula nyama ya ng'ombe mbichi?"

"Astaghfirullah! Mimi fisi? Nyama mbichi mimi hakuna kula, wallahi."

"Na kazi yako ni gani?"

"Natengeneza nyirinyiri. Nakata, natia chumfi, naanika, naonja..."

"Unaonja kabla ya kukaanga?"

"Sasa nitabima chumfi aje? Lakini kuonja si kula, daktari. Hata Ramadhani mtu ya jikoni anaonja."

Daktari akaweka kalamu chini. Mimi nilicheka, na Mama akanifinya paja.

Alipewa vidonge vya kumeza mara moja tu, akaambiwa arudi baada ya miezi mitatu apimwe tena. Waliokula nyirinyiri yake, daktari alisema, hawakuwa hatarini, kwa kuwa nyama ikiiva vizuri tegu hufa. Mama akashusha pumzi, kisha akanuna.

"Sasa harusi ya mtoto wangu nitabika bila kuonja?"

Nyumbani alikaanga kipande kimoja kwanza, akaonja. Akakaanga cha pili. Uso ukamshuka. Nyama husinyaa kwenye samli, chumvi haisinyai. Akaanika nyama nyingine, chumvi nusu.

Siku ya harusi shangazi wa Buna walikomba chombo. Mama alisimama mlangoni na jagi la maji, kama kawaida yake, akingoja kuitwa. Hakuna aliyemwita.

"Nasteho," akaninong'oneza, "miaka ishirini watu wakikula nyirinyiri yangu wanaomba maji. Mimi nilisema ni joto ya Garissa."