Mashindano Hayakuanza Mwaka wa Tatu

Fundi kompyuta alikuwa ameinama nyuma ya jukwaa akikaza nyaya, filamu ya historia ya mashindano ya kila mwaka ya michezo ya kompyuta ilipoanza kuonyeshwa ukumbini. Ilianzia mwaka wa tatu, kampuni inayoyadhamini sasa ilipoingia. Miaka miwili ya mwanzo, alipoyaendesha mwenyewe karakanani kwake kwa kompyuta nane za kuungaunga, haikutajwa kabisa.

Damu ikamchemka. Akamfuata mkurugenzi wa kampuni hiyo.

"Mbona mmenifuta?"

"Dada, miaka ile haikuwa rasmi."

"Haikuwa rasmi? Kwani bingwa wa kwanza alishinda usingizini?"

Mkurugenzi akamgeuzia kisogo.

Bingwa huyo wa kwanza ndiye aliyekuwa mtangazaji wa fainali siku hiyo, na alisikia kila neno. Akawasha kipaza sauti. "Jamani, fainali haianzi mpaka mumjue aliyeanzisha mashindano haya. Dada, panda uwasimulie."

Akapanda na bisibisi mkononi, akasimulia yote, ukumbi mzima ukampigia makofi. Hasira haikumtoka hata kidogo.

"Hiyo filamu," alimaliza, akimkazia macho mkurugenzi, "mtaitengeneza upya, na mimi nitakuwemo."