Kadi za Fundi Tarsis

Mwaka ule malori chakavu kutoka ng'ambo yalianza kuingia Makambako kwa wingi, mengi yakiwa na kichwa na chasisi tu. Mansoor, msafirishaji wa pale mjini, alikuwa na matatu ya namna hiyo uani kwake. Tarsis, seremala wa Njombe, alitaka sana kuyaundia bodi za mbao, akaenda kuomba kazi. Mansoor hakukataa wala hakukubali.

"Niachie kadi, fundi. Nitakutafuta."

Tarsis hakuwa na kadi. Alirudi nyumbani kutengeneza.

Karatasi ngumu ilipatikana katika duka moja tu la Njombe, nayo ilikuwa ya rangi ya waridi, yenye maua pembeni. Aliinunua. Alichonga herufi kwenye soli ya kandambili, moja moja, zikiwa zimegeuzwa, akizikagua kwa kioo cha kunyolea ndevu. Alizigandisha kwenye kibao, akakichovya katika wino wa muhuri, akagandamiza. Kadi ilisomeka: TARSIS, FUNDI BODI ZA LORI. Chini yake ilikuwa namba ya sanduku la posta la parokia, maana la kwake hakuwa nalo.

"Na jina la baba yako?" aliuliza Judith, mama wa watoto wake.

"Kandambili imeisha."

"Ipo ya kulia."

"Ya kulia ningali naivaa, Mama Hyasinta."

Kadi zilikauka kitandani. Wao walilala kwenye mkeka.

Asubuhi alipanda basi hadi Makambako. Ofisini alimkuta Mansoor na binti yake Rehana, aliyemsaidia kazi. Tarsis alitoa kadi kwa mikono miwili. Mansoor aliona waridi, akaona maua, akaiweka juu ya rundo la kadi nyingine za waridi zenye maua. Katika mji ule haikupita wiki bila mtu kuoa, na kila aliyeoa alimpelekea Mansoor kadi ya mchango. Alifungua droo, akatoa noti.

"Hongera, fundi."

"Si ya mchango, mzee."

"Wote husema hivyo. Eti ni taarifa tu."

Rehana aliichukua kadi, akaisoma. "Baba, imeandikwa bodi za lori."

Mansoor naye aliisoma, mbele na nyuma. Lakini mkono wenye noti alikwisha kuunyoosha, na madereva wake wawili walikuwa mlangoni wakitazama.

"Una mke?" aliuliza.

"Ninaye. Judith. Tuna watoto wanne."

"Mmefunga ndoa?"

"Bado, mzee. Kila mwaka linatokea jambo."

"Basi harusi ipo." Akamsogezea noti. "Mchango wangu haujawahi kurudi mezani. Fundi atakayeurudisha mbele ya madereva wangu, malori yangu hayagusi."

Tarsis alitazama dirishani. Malori yalikuwa yamesimama vile vile, matatu, bila bodi. Akapokea.

"Asante, mzee. Karibu harusini."

"Nitafika. Anza na lile la bluu."

Madereva nao wakaingiza mikono mifukoni.

Nyumbani Judith alikuwa akimenya viazi.

"Umepata?"

"Nimepata. Yote matatu."

"Mungu mkubwa."

"Na tunafunga ndoa."

Kisu kilisimama. "Nani kasema?"

"Mzee Mansoor."

"Yule Mwislamu wa Makambako?"

"Ametoa na mchango. Na madereva wake pia."

Judith alimaliza kiazi alichokuwa nacho, akakitumbukiza kwenye maji.

"Padre ametuomba miaka kumi na moja."

"Padre hakuwa na malori."

"Kweli, hakuwa nayo." Akaokota kiazi kingine. "Bodi moja inataka muda gani?"

"Wiki tatu, mbao zikiwa kavu. Naanza na lori la bluu."

"Matangazo ya ndoa kanisani nayo ni Jumapili tatu. Mwambie basi atuazime hilo la bluu, ndugu zangu wa Lupingu hawataenea kwenye basi." Akafikiri kidogo. "Na nyuma uweke ngazi, Baba Hyasinta. Mama hawezi kuruka."