Makaki ya Method

Kwa miaka kumi na mmoja Method alilea mti wa kaki, lile tunda la Asia, ndani ya kibanda cha vioo bustanini, na katika minne ya mwisho mti huo ulizaa, lakini halikupatikana hata tunda moja lililolika. Kwa macho yalivutia, mekundu-manjano, mazito mkononi kama nyanya kubwa. Ukiuma tu, ulimi unakauka na mdomo mzima unajikunja kwa ukakasi. Method alikuwa akitema, anafuta ndevu, anasema, "Labda mwakani," kisha anawamwagia ndege.

Method alifariki Februari ya mwaka juzi. Bustani ilibaki kwa mkewe Agripina na dada yake Getrude, kwa kuwa kaka na dada waliinunua pamoja enzi za ujana wao, walipokuwa wageni Stockholm. Ilikuwa kwenye mteremko unaoshuka ziwani, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kituo cha Vårby gård: mitufaha kumi na minane, mipeasi mitano, nyumba ndogo ya mbao, na vitalu vya mboga zinazostahimili baridi. Agripina aliihudumia peke yake. Getrude, aliyekuwa akifanya usafi uwanja wa ndege na kuishi Märsta, hakuwa ameikanyaga tangu kabla ya msiba.

Katikati ya Novemba alipiga simu.

"Wifi, nimepata mnunuzi. Ni watu wa heshima, mume na mke. Nitakuja Jumamosi na karatasi."

"Njoo," Agripina alisema. "Ila uvae viatu vya matope."

Hakubishana. Mwaka mzima uliopita walikuwa wamebishana kwa simu juu ya kuuza, na alikuwa amechoka. Alichukua kikapu akaenda kuyachuma makaki kabla baridi haijaingia kwenye kibanda. Yalikuwa hamsini na mawili. Safari hii hakuona vyema kuwapa ndege, basi akabeba matatu hadi sokoni Skärholmen, akamwonyesha Malik, muuza matunda aliyezaliwa Baku.

Malik aliligeuza moja kwenye kiganja, akacheka taratibu.

"Nani amekwambia haya yanaliwa hivi? Haya ni ya kukausha, mama. Kwetu bibi yangu alikuwa akiyamenya, anayafunga uzi kwenye kikonyo, anayatundika penye upepo wa baridi. Wiki ya kwanza usiyaguse. Baada ya hapo unayakandakanda kwa vidole, polepole, kila baada ya siku mbili tatu. Ukiona yametoa unga mweupe, huo si ukungu, ni sukari yake."

Jioni hiyo Agripina alimenya. Alifunga matunda kwenye uzi ule ule mgumu ambao Method alifungia miche, akayatundika kwenye boriti za baraza, mbali na ukuta.

Getrude alipofika Jumamosi, alisimama chini ya baraza akiwa bado na mkoba begani.

"Hii ni nini tena?"

"Ni makaki ya kaka yako. Nayakausha."

Waliingia ndani, wakanywa chai, karatasi zikiwa mezani katikati yao. Agripina alizisoma zote, kisha akasema atatia saini, lakini matunda yakae hadi yakauke. Hakutaka kuyahamisha yakiwa laini.

"Itachukua muda gani?"

"Wiki tano, sita. Na mikono yangu inauma, siwezi kuyakanda yote peke yangu."

Getrude alitazama dirishani. "Basi nitakuja Jumamosi ijayo," alisema.

Akaja kweli, Jumamosi hiyo na zilizofuata, akibadilisha treni mjini, theluji ikiwa imeshika mabegani. Mawifi hao wawili walisimama barazani na makoti yao, kila mmoja na upande wake, wakibonyeza tunda moja moja kwa vidole vilivyokufa ganzi. Walizungumza habari za kazini, za padri mpya wa misa ya Kiswahili, za bei ya vitunguu. Method hawakumtaja.

Jumamosi ya nne unga mweupe ulianza kuonekana. Agripina alikata uzi, akapasua tunda kwa kisu, akampa Getrude nusu. Ndani lilikuwa la kahawia, laini kama tende. Getrude alilitia mdomoni kwa tahadhari. Alitafuna muda mrefu, kisha akaketi kwenye ngazi ya baraza.

"Tamu," Agripina alisema.

"Wifi, unakumbuka siku kaka alipotimiza miaka sitini?"

"Nakumbuka."

"Nilisimama mbele ya watu nikasema kaka yangu amehamia Ulaya kuja kufuga mti wa sumu. Watu wakacheka. Na yeye akacheka." Getrude alijifuta pua kwa glavu. "Hakunipigia tena. Na mimi nikasema sitapiga mpaka yeye aanze. Ulipoleta habari kwamba anaumwa, nikajiambia nitakwenda wiki ijayo. Mpaka ikawa ni mazishi."

Agripina alikaa kando yake. Alitaka kusema kwamba Method hakuwa ameweka kinyongo, lakini isingekuwa kweli. Alikuwa ameweka.

"Iliuma," alisema. "Lakini mwezi wa mwisho aliniuliza mara mbili magoti yako yanaendeleaje."

Getrude alilia bila sauti. Agripina aliinuka, akaendelea kukanda yaliyobaki hadi akamaliza upande wake, kisha akamaliza na wa Getrude.

"Ndiyo maana ulitaka tuuze?" aliuliza baadaye.

"Kila mti hapa naona unaniangalia."

"Mimi nilidhani unataka kuuza kwa sababu hupajali. Nikawa nang'ang'ania ili tu nisikupe ushindi. Ukweli ni kwamba nimechoka kupanda ngazi, Getrude. Matufaha ya juu mwaka huu yote yameoza."

"Mimi nastaafu Machi."

"Kwa magoti hayo?"

"Sitapanda mimi. Nitaishika ngazi, upande wewe."

Agripina alicheka, na Getrude naye akacheka huku macho bado yana maji. Kisha Getrude aliingia ndani, akazikunja karatasi, akazirudisha mkobani. Jumatatu aliwapigia wale mume na mke, akawaomba radhi kwa usumbufu, na wao hawakukasirika sana.

Jumamosi ile, kabla ya treni ya Getrude, walishuka hadi kwenye vitalu, kuchuma mboga za kupeleka nyumbani. Vitunguu liki vilikuwa vimeganda ardhini, wakaviacha. Ila ile sukuma wiki ya majani ya kujikunja, ambayo Waswidi husema hunoga ikishapigwa na barafu, ilikuwa imesimama wima chini ya theluji. Getrude alipangusa theluji kwa mkono.

"Nikate yapi?"

"Anza na ya chini," Agripina alisema, akamfungulia mfuko.