Umeshapimwa

Nesi wa mapokezi ya kliniki hakumtazama usoni. Alitazama kompyuta, akabonyeza kitufe kwa ukucha mrefu, akasema kwa sauti iliyofika hadi benchi la nyuma, "Mama, wewe umeshapigwa picha ya matiti. Majibu safi. Rudi baada ya miaka miwili."

"Lakini sasa nina uvimbe."

"Wapi?"

Alijishika upande wa kushoto, juu ya blauzi, watu wote wakitazama. "Unaniuma mpaka kwapani."

"Basi si kitu. Ule mbaya huwa hauumi. Nyie mkishasikia saratani, kila kipele mnatuletea. Nafasi hizi ni za ambao hawajapimwa. Anayefuata!"

Kiwandani walimwita Kola. Wenzake walishona mikono, mifuko, vifungo. Yeye alishona kola tu, mwaka nenda mwaka rudi, na hakuwahi kumiliki shati hata moja la pale. Gari la uchunguzi lilipoingia uani na muziki wake, meneja alipanda ngazi akatangaza kwamba mwanamke anayepimwa hafi kwa saratani ya titi. Wakapiga makofi. Kola alikuwa wa kwanza kupanda. Ugonjwa huo ulikuwa umemzika mama yake. Titi lilibanwa kati ya vibao viwili mpaka machozi yakamtoka, na majibu yalipokuja kwamba hana kitu, alilia tena, safari hii kwa furaha. Msimamizi akamwambia asilowanishe kitambaa.

Tangu hapo akawa mhubiri wa bure. Walioogopa aliwacheka, akawashika mkono, akawapeleka. Hata mdogo wake wa kike, Kola alimburuta kama mbuzi.

Ndiyo maana uvimbe ulipotokea alikuwa mwepesi wa kuamini kwamba si kitu. Ulikuwa kama punje ya harage. Ulipofikia ukubwa wa ndimu aliomba ruhusa.

"Ruhusa ya nini?" msimamizi aliuliza. "Si ulipimwa hapahapa, kwa muda wa kampuni? Unataka upimwe mara ngapi, wewe malkia?"

Alienda bila ruhusa, akakutana na yule nesi. Akarudi tena, akaambiwa yaleyale na nesi mwingine. Akakatwa mshahara mara zote mbili. Ngozi ya titi ilipoanza kukunjamana na kuingia ndani, mdogo wake alimvua blauzi kwa nguvu, akatazama, akakaa chini sakafuni.

"Dada, twende hospitali kubwa. Leo."

Daktari wa hospitali kubwa alibonyeza titi, kwapa, tumbo. Kinyama kikakatwa, kikapelekwa maabara, naye akapigwa picha za tumbo na mifupa. Waliporudi kuchukua majibu daktari alikuwa na hasira, kama mtu aliyeharibiwa siku.

"Saratani imeshafika kwenye ini na mifupa. Mbona wanawake mnachelewa namna hii? Mnakaa na kitu mpaka kinaoza, ndipo mnatukumbuka!"

"Sikuchelewa," Kola alisema. "Nilipimwa. Nilikuwa wa kwanza."

Daktari akavua miwani, akaifuta kwa koti.

"Ile picha haioni kila kitu," alisema hatimaye. "Kuna uvimbe unaojificha. Kuna unaozuka baada ya picha, ukaenda mbio. Wako ni wa mbio."

"Na mlikuwa mnajua hivyo?"

"Inajulikana."

"Mbona hamkutuambia?"

"Tungewaambia, nani angepanda lile gari?"

Kola alitazama mikono yake, vidole vilivyojaa makovu ya sindano. "Nesi angejua," alisema polepole, "asingenifukuza."

Daktari aliandika dawa za maumivu. Kwa mifupa Kola alihitaji tiba ya mionzi, lakini mashine ya mionzi ilikuwa imekufa, wanasubiri kipuri.

Walimlaza kwenye godoro koridoni. Asubuhi moja wafagiaji walikuja na maji yenye dawa, nyuma yao nesi mkuu akipiga makofi ya kuwaharakisha.

"Wa koridoni wote, simameni! Wageni wanakuja kuzindua mashine ya pili ya picha za matiti. Hatuwezi kuwaonyesha hali hii."

"Huyu hawezi kusimama," mdogo wake alisema.

"Mvute na godoro."

Waliingizwa kwenye chumba cha mionzi, kwa kuwa kilikuwa kikubwa na hakina kazi. Wanawake wanane walibanana ukutani, chini ya mashine iliyofunikwa turubai lenye vumbi. Mlango ukafungwa kwa nje. Ulikuwa mlango mzito, wa kuzuia mionzi. Bado hotuba zilipenya, na makofi, na kwaya.

Kola alianza kutapika. Mdogo wake aligonga, akagonga tena kwa viganja vyote viwili.

"Tupeni hata ndoo!"

"Subirini kwanza!" sauti ilijibu. "Bado wanapiga picha."

Mdogo mtu aliacha mlango, akapiga magoti kando ya godoro, akakinga viganja chini ya kinywa cha dada yake.