Gauni la Everline

"Hili gauni lina mshono mgongoni," Wandera alisema.

Alikuwa ameteremka kwenye kichochoro cha nyuma ya Shauri Moyo kutafuta viatu, pale mitumba inaponing'inia juu ya redio kuukuu na vihoteli vya chai vinapofuka moshi katikati. Mbele ya kibanda cha Phares, msichana aitwaye Triza alikuwa amevaa gauni la samawati juu ya nguo zake, akijigeuzageuza.

"Mshono ndio fasheni, mzee," Phares akacheka. "Mzungu amekufa, nguo yake bado iko hai!"

Wandera hakucheka. Uzi ulikuwa mweusi, kutoka shingoni hadi kwenye pindo.

"Samahani, mama. Hebu tazama ndani, hapo kiunoni. Kuna kamfuko ka kitambaa cha pazia?"

Triza akapapasa. "Kako. Umejuaje, baba?"

"Ni pazia la nyumba yangu. Mke wangu alikuwa akificha sadaka humo." "Maiti ikishakakamaa haiingii nguo. Akina mama walilipasua mgongoni ndipo wakamvisha. Nimemzika nalo Machi hii."

Triza alilivua kama nguo iliyoshika moto.

"Haki ya Mungu, mimi nimenunua tu," Phares alisema, kicheko kimemwisha. "Kuna jamaa hunileteaga zikiwa zimeshashonwa. Nani huuliza nguo imetoka wapi?"

"Wakubwa wa jiji ndio wangeuliza! Walinifuta kazi, malipo yangu wakakalia. Wangenipa, Everline angelala kwetu Funyula, si kwa makaburi ya umma. Ua la makaburi walishauza. Mlinzi hawamlipi. Kodi ndiyo hawasahau!" Ghafla hasira ikamtoka, akabaki mdogo. "Sasa huko chini wamemwacha na nini?"

"Chukua, mzee," Phares akanong'ona. "Sitaki kitu."

Triza alitandaza leso yake mezani, akalikunja gauni ndani yake, mkunjo juu ya mkunjo, akampa kwa mikono miwili. "Unaenda wapi nalo, baba?"

"Kumtazama."

Alipita mbele ya hoteli ya Apondi akiwa amelikumbatia lile furushi. Wanywaji chai walidhani amebeba kitoto kilichofariki. Mmoja akasimama, akavua kofia. Wengine wakafuata, vikombe vikiwa bado mikononi, na Apondi akanyoosha mkono akazima redio.