Masale ya Magurudumu

Gurudumu la kushoto la roboti ya Gladys lilikuwa linazunguka taratibu kuliko la kulia. Aliyeliona kwanza alikuwa Lukresia, ambaye hakuwa mwanafunzi wala mwalimu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa ukumbi wa parokia, huko Kibosho, akichambua maharage ya makande ya mchana. Roboti ilikuwa inapinda kila mara kuelekea ukutani, na watoto wanne walikuwa wanaandika upya amri zake kwenye kompyuta kwa mara ya sita.

"Kuna uzi," Lukresia alisema, kwa sauti ya mtu anayeongea na maharage.

Gladys, msichana wa darasa la sita, akaipindua roboti. Uzi wa sweta la mtu ulikuwa umejisokota kwenye ekseli. Akautoa kwa meno. Roboti ikanyooka.

Mwalimu Rishi alikuwa ametoka Moshi mjini, ambako familia yao inauza vipuri vya pikipiki, kuja kufundisha watoto thelathini na wawili kuunda roboti katika likizo ya Juni. Alikuwa peke yake, kwa sababu mwenzake alipata kazi Arusha siku moja kabla ya kambi kuanza. Alimtazama Lukresia, akazitazama zile roboti nyingine saba zilizokuwa zinagonga viti.

"Dada, maharage yanaweza kusubiri kidogo?"

"Yanaweza. Ila hawa watoto hawatayasubiri."

Kuanzia siku hiyo watoto walichambua maharage kwa zamu na Lukresia akashika roboti.

Alikuwa ameacha shule darasa la tano, mwaka ambao baba yake, Theodory, alifariki. Kiingereza cha kwenye kompyuta hakukisoma. Lakini amri zilikuwa vipande vya rangi vinavyounganishwa kimoja chini ya kingine, na baada ya siku mbili alijua kwamba cha bluu ni kwenda na cha njano ni kusubiri. Zaidi ya hapo alijua kuelekeza. Kwa miaka mingi alikuwa amewaelekeza watoto wa majirani jinsi ya kubeba majani ya ng'ombe kutoka tambarare bila kuyaangusha kwenye mfongo, ule mfereji wa maji unaopita katikati ya vihamba, mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba.

"Ichukulie kama mgeni wa kutoka Dar," aliwaambia watoto. "Usimwambie nenda kwa mama Stella. Hapajui. Mwambie aanzie wapi, ageukie wapi, aishie wapi."

"Dada Lukre, ya kwetu ni kaidi kama mbuzi wa bibi," alisema Gladys. Roboti yao ilikuwa inazunguka palepale kama inayotafuta mkia wake.

"Siyo kaidi. Umeiambia igeuke. Hujaiambia iache kugeuka."

Watoto walicheka, wakaongeza kipande cha njano, na roboti ikaacha. Asubuhi zilizofuata ukungu ulishuka mpaka kwenye paa la ukumbi, na roboti zilikutwa jikoni zimeyazunguka mafiga. Lukresia alizisogeza kwa mguu apate nafasi ya sufuria.

Jumatano utepe mweusi uliisha. Roboti zilitakiwa kujifunza kufuata mstari, na huo utepe ndio uliokuwa mstari, lakini watoto walikuwa wameumalizia kwenye mpira na kwenye viatu. Rishi alipiga simu mjini. Aliambiwa Jumatatu.

Lukresia alikwenda nyumbani, dakika tano tu kutoka ukumbini, akarudi na mzigo wa masale. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani unaopandwa mipakani mwa vihamba, na aliyelelewa mlimani hauvuki bila ruhusa. Haya aliyakata kwenye mpaka wa kihamba cha mama yake. Baba yake ndiye aliyeyapanda. Baada ya msiba yalionekana yamesogea hatua kumi na mbili kuelekea nyumba ya mjane, na kaburi la Theodory likabaki upande wa mdogo wake, Rogath. Hakuna aliyesema kitu. Theodory hakuacha mtoto wa kiume, na Rogath alikuwa akiuliza kila mtu swali moja: binti akiolewa, kihamba kinakwenda wapi? Tangu hapo mama yake Lukresia alipotaka kuwasha mshumaa kwenye kaburi la mume wake alituma kwanza salamu kwa shemeji. Mara nyingine alijibiwa aje kesho.

Rishi alirekebisha macho ya roboti yatambue kijani kile. Lukresia aliyatandaza majani sakafuni, akawafundisha watoto amri moja ya kuziandikia roboti zote nane.

"Ukiona isale, usivuke. Tembea kandokando mpaka liishe, halafu simama."

"Likiwa limeng'olewa je?" aliuliza Gladys.

Lukresia alifikiri kidogo. "Basi simama lilipokuwa."

Rishi alisema amri ya namna hiyo haina kipande chake kwenye kompyuta. Gladys aliiandika hivyohivyo, na ikakubali.

Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi. Benchi zilijaa. Mbele alikaa Mzee Sirili, mwenyekiti wa kitongoji, na pembeni yake Rogath, ambaye kijana wake mdogo alikuwa kwenye kambi. Mama yake Lukresia alikaa nyuma, karibu na jiko. Roboti nane zilipangwa kwenye mstari. Zilizunguka majani mara moja, bila kugusa hata moja, na wazazi wakapiga makofi. Kisha zikatoka mlangoni.

Moja ilikuwa imetolewa betri ili zichajiwe. Nayo ilitoka.

"Zipisheni," alisema Mzee Sirili, akiinua fimbo yake. "Zina safari."

Watu waliinua miguu. Roboti ziliteremka njia ya parokia zikifuatana, zikavuka mfongo kwenye ubao, ile ya mwisho ikingoja zamu yake, zikaingia vihambani. Wazazi walizifuata kwa mwendo wa kurudi kutoka misa. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alimweleza jirani yake kwamba zina mwendo mzuri kuliko bajaji za Pasua, kule mjini.

Zilifika kwenye masale ya mpakani, zikatembea kandokando yake, hazikusimama. Ziligeuka kwa pamoja, zikaingia upande wa Rogath, katikati ya migomba na mibuni. Zilikwenda hatua kumi na mbili. Ya kwanza ilisimama mfongoni, ya pili juu yake kidogo, na hivyohivyo mpaka ya nane, iliyosimama mita moja kupita kaburi la Theodory. Kaburi likawa upande wa mjane.

Mzee Sirili alitembea kutoka ya kwanza mpaka ya nane, akarudi.

"Ndivyo ulivyokuwa mpaka," alisema.

"Ndivyo," alisema Rogath. "Nani amezifundisha?"

Wazazi walimtazama Rishi. Watoto thelathini na wawili walimwonyesha Lukresia kwa vidole, na kwa kuwa alikuwa amejificha nyuma ya mgomba, walimwonyesha yule mgomba. Mama yake aliifunga upya khanga yake kiunoni na kusimama wima. Kwa miaka tisa hakuwa amesimama hivyo kwenye kihamba hicho.

"Zimefundishwa vizuri," alisema Rogath. "Hongera, mwanangu."

"Ahsante, baba mdogo."

"Ila meku, mzee wetu, mashine siyo shahidi," Rogath alimwambia mwenyekiti. "Na mimi nina karatasi ya kijiji."

Mzee Sirili alikubali kwamba karatasi ipo, yeye mwenyewe aliisaini. Alisema angekuwepo mtu aliyeona masale yakihamishwa, angeiita kamati wakae. Akauliza kama yupo. Lukresia aliangalia mikono yake, ambayo ilikuwa bado na unga wa mahindi, akaipangusa kwenye gauni. Mwenyekiti alingoja kwa muda wa kutosha, akasema basi, tukale, makande yasipoe.

"Hata mashine zina adabu kuliko shemeji yangu," mama yake alisema njiani, na wanawake waliokuwa naye walicheka mpaka ukumbini.

Mvua ndogo ilinyesha siku nne. Rishi aliporudi na sanduku kuchukua roboti zake, alikuta zimeota. Mizizi ilikuwa imepita kwenye matundu ya magurudumu, na katikati ya nyaya yalikuwa yamechomoza majani marefu ya kijani. Alijaribu kuvuta moja. Ilikuwa imeshika. Alikaa kwenye jiwe akaandika taarifa ya kambi: watoto thelathini na wawili wamehitimu, wote wanaweza kuandika amri ya kufuata mstari, roboti nane zimeota na zinaendelea vizuri. Mahali pa jina la mwalimu aliandika majina mawili, lake likiwa la pili. Alimsomea Lukresia, kisha akamuuliza kama angekuja kufundisha Desemba, na mpishi atafutwe mtu mwingine.

"Mpishi awe anayejua kuloweka maharage," alisema Lukresia. Hilo lilikuwa jibu la kukubali.

Watoto walikuja kila jioni kuzipalilia. Gladys alileta mbolea ya mbuzi wa bibi yake. Walibishana ipi imekua zaidi, na waliponyamaza, mota zilisikika zikiunguruma chini ya udongo, taratibu, kama paka aliyeshiba.

Rogath naye alikuja, Jumatatu, kukata ndizi. Alikuwa mtu aliyelelewa mlimani, kwa hiyo hakukanyaga hata jani moja. Aliinua buti zake juu, akapita katikati ya roboti ya nne na ya tano kwa uangalifu, akaingia upande wa mjane na panga lake. Alichagua mkungu mzuri, akaukata, akauweka begani. Miche ya kahawa ya msimu huo alikwisha kuiagiza, ya kupanda mpaka karibu na kaburi. Wakati wa kurudi aliinua tena buti, akavuka. Kisha akakumbuka kitu. Aliushusha mkungu, akakata chane moja, akamnyooshea Lukresia, aliyekuwa amechuchumaa na watoto akiondoa magugu.

"Mpelekee mama. Mwambie nimemsalimia."

Lukresia alisimama. Hakuipokea chane. Watoto waliacha kupalilia, kwa sababu hawakuwahi kumwona akimtazama mtu mzima usoni.

"Baba mdogo," alisema, "msiba ulikuwa na siku tisa. Nilikuwa juu ya dari la banda la ng'ombe, nikishusha majani. Uliyang'oa masale kuanzia mfongoni ukipanda juu, moja moja, ukiyalaza kwenye gunia. Ulipofika kwenye kaburi la baba ulivua kofia, ukasimama kidogo, ukaivaa, ukaendelea. Nilikuona."