Mlango wa Stoo ya Mitungi

"Baba, ukifa leo utakwenda wapi?"

Fundi hakugeuka kutoka dirishani. Treni ndiyo kwanza ilikuwa inaiacha stesheni, na mfuko wake wa ngozi, wenye tupa, bisibisi na koleo, ulikuwa bado haujatulia miguuni.

"Leo sifi," alisema. "Nina kazi."

Binti aliyeketi mbele yake alimeza mate. Alikuwa amevaa fulana nyeupe kama wenzake wa kanisani waliotawanyika kwenye mabehewa. Kwa kazi alikuwa msusi, na vidole vyake vilikuwa vimekwisha kumtaja kabla yeye hajajitaja: ngozi ya kidole gumba ilikuwa imekakamaa pembeni kwa kuvuta nywele za watu mchana kutwa.

"Lakini ungekufa, baba."

"Ningekwenda kuzikwa. Kwani wewe ungepelekwa wapi, sokoni?"

Mama mmoja mwenye kapu, upande wa pili wa ujia, alicheka puani. Binti aliinamisha uso. Jibu hilo halikuwamo katika yale aliyofundishwa. Alitafuta kichwani, akapata jingine.

"Mungu ana mpango na maisha yako."

Hapo fundi aligeuka.

"Amekutuma nani?"

"Mkuu wetu wa huduma."

"Yuko behewa gani?"

Binti alisita. "La mbele."

"Lenye viti vya godoro."

"Ndiyo, baba."

"Nilijua. Wakubwa hawakai penye upepo. Wanakusukuma wewe mbele, kisha jioni wao ndio wanasimama kutoa taarifa."

Alirudisha macho dirishani, lakini moyo haukurudi naye. Alimwonea binti huruma, na huruma hiyo ikamuudhi, kwa sababu kazi aliyokuwa akiiharibu binti yule, yeye aliijua. Miaka mingi alizunguka mji hadi mji akifungua milango iliyowashinda wenyewe, na mkewe hakukubali kubaki nyumbani. Walipanda chombo kimoja, lakini hawakukaa kiti kimoja hata siku moja. "Tukikaa pamoja tutaongea habari za chumvi na mkaa," mkewe alisema. "Kila mtu amtafute mgeni wake." Abiria walidhani wamegombana. Safari moja abiria mmoja alimshika fundi bega njia nzima akimsihi amrudie mke wake, ya duniani si ya kuweka moyoni. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamhubiria. Wakishuka, mkewe alimwuliza jambo moja tu: "Wako alikuwa nani?" Basi walitembea hadi kwa mteja, wageni wawili wakiwa midomoni mwao kama jamaa wa nyumbani.

Tangu amzike, hakuwa amemsemesha mtu njiani. Si kwamba imani ilikuwa imemtoka. Imani yake ilikuwa palepale, ngumu kama msumari ndani ya mti mkavu. Ila pale kaburini walisimama wakubwa wa kanisa wakasema Mungu amempenda zaidi, watu wote wakaitikia Amina, naye akafunga mdomo. Kwa nini amsingizie Mungu? Mungu hakuwa na ufunguo. Ufunguo alikuwa nao msimamizi wa hospitali.

Binti alikuwa akipangusa macho kwa ncha ya fulana, kwa siri, akidhani haonekani.

"Mteja akiingia saluni," fundi alimwuliza, "unaanza kwa kumvuta nywele?"

"Hapana. Namwuliza anataka nini."

"Ehe. Na hapa ni hivyohivyo. Wewe umenivuta nywele kabla sijakaa. Mtu muulize anakwenda kufanya nini. Kisha nyamaza. Nyamaza kweli, si kunyamaza kwa kungoja zamu yako. Akimaliza, mwombee lile alilolitaja. Lile tu, usimwongezee."

"Na Yesu nimtaje saa ngapi?"

"Ukiomba, unamwomba nani, mkata tiketi? Si atamsikia hapohapo. Mtu akiombewa jambo lake hasa, masikio yanasimama yenyewe. Mengine atauliza yeye."

"Nani alikufundisha haya, baba?"

"Mke wangu. Hakuwa na mkuu."

Binti alikaa akiyatafuna maneno yale. Treni ilipunguza mwendo ikapita kituo kidogo bila kusimama. Kisha binti akainua uso, akaweka mikono mapajani, akasema kwa upole:

"Basi, baba, unakwenda kufanya nini?"

Mama wa kapu alimtazama fundi. Mchimba kisima alikuwa ameingia mwenyewe.

"Nimeitwa kufungua kitasa," fundi alisema.

Binti alinyamaza. Alinyamaza kweli.

"Cha hospitali," fundi aliongeza. "Stoo ya mitungi ya oksijeni. Mlango wa chuma, ufunguo umekatikia ndani. Mafundi wa kule wamejaribu hadi wamechoka. Kuukata kwa moto hawathubutu, mle mmejaa oksijeni, watalipuka wote. Ndipo wakanipigia simu. Hawajui mimi ni nani."

Na kwa kuwa binti hakumkatiza, yakatoka yote. Alieleza jinsi alivyompeleka mkewe hospitali ileile, kifua kimebana. Mtungi wa wodini uliisha, na msimamizi alikuwa amesafiri kwenda kwenye kikao chao cha wakubwa na ufunguo mfukoni. Alisimama mbele ya mlango ule, yeye ambaye kufungua ndiyo riziki yake, akaomba waya tu, kipande cha waya, mlinzi akamwambia akigusa mali ya hospitali atalala ndani. Asubuhi msimamizi alirudi. Akasema utaratibu ulifuatwa. Yuko kazini hadi leo.

"Kwa hiyo nitakikagua kitasa chao," alisema. "Nitawaambia naweza. Halafu nitafunga mfuko wangu. Nataka yule bwana asimame kwenye korido ile kama nilivyosimama mimi."

"Wodini kuna wagonjwa?" binti aliuliza taratibu.

"Wapo."

"Unawajua?"

"Siwajui."

Binti aliinamisha kichwa, na kabla fundi hajajua cha kufanya na mikono yake, alikuwa anaombewa.

"Bwana Yesu, baba huyu ameitwa kufungua kitasa. Mtulizie mkono. Amina."

"Hukunisikia?" fundi alisema. "Nimekwambia sifungui."

"Nilikuuliza unakwenda kufanya nini, ukasema umeitwa kufungua kitasa. Ndilo nililoombea. Umesema nisiongeze."

"Amekupata, mzee," alisema mama wa kapu.

"Nani amekuuliza wewe?"

Lakini sauti yake haikuwa na makali. Mama alisogeza kapu lake, akampigapigia kiti binti yule. "Njoo huku, mwanangu. Mimi nakwenda kwa dada yangu. Hatujasemezana tangu msiba wa mama." Binti aliinuka, akamwangalia fundi kama anayeomba ruhusa. Fundi alimwashiria kwa kidevu: nenda.

Hospitalini msimamizi alimpokea getini mwenyewe, tai shingoni, jasho juu ya mdomo. Hakumtambua. Watu wa aina yake wanakumbuka vyeo, nyuso za korido hawazikumbuki.

"Karibu sana fundi. Tuharakishe. Wodini mitungi iliyobaki haitafika jioni."

Mlango ulikuwa uleule, rangi ya kijivu imebanduka penye kitasa. Fundi alichuchumaa, akaingiza waya mwembamba tunduni, akafumba macho ili vidole vione. Kipande cha ufunguo kilikuwa kimelala kiubavu nyuma ya meno ya kitasa. Kazi ya mtu mvumilivu, si kazi ngumu.

"Naweza," alisema.

Msimamizi alishusha pumzi. Fundi akachomoa waya, akaufuta, akaurudisha mfukoni. Akafunga mfuko. Yote yalikwenda kama alivyoyapanga usiku na mchana, na alisubiri ile raha aliyojiahidi ije.

Kwenye benchi la korido alikuwa ameketi mwanamume mmoja, amepakata viatu vya kike. Ndala za kijani, kisigino kimoja kimelika kuliko kingine. Alikuwa akiangalia mfuko uliofungwa, kisha mlango, kisha mfuko.

Fundi alikwenda akaketi karibu naye.

"Fundi, muda," msimamizi alisema.

"Subiri. Naongea na mwenzangu." Akamgeukia yule mtu. "Bwana, umekuja kufanya nini hapa?"

"Nangoja," yule mtu alisema. "Mke wangu yuko ndani. Wamesema anahitaji hewa." Alizigeuza ndala. "Nangoja tu. Wewe utaufungua?"

Fundi alinyamaza, na safari hii hakuwa anasubiri zamu yake. Kisha akaweka kiganja chake juu ya zile ndala, akasema kwa sauti ya kawaida, msimamizi akisikia, mlinzi akisikia: "Yesu, mke wa huyu anahitaji hewa. Mpe. Amina."

"Amina," yule mtu alisema, akiwa na mshangao.

Fundi alirudi mlangoni, akapiga goti. Alichomoa tochi ndogo akamkabidhi msimamizi.

"Shika. Inama. Inama zaidi, hiyo tai itabaki salama."

Msimamizi aliinama mpaka pumzi yake ikamgusa fundi sikioni. Fundi aliingiza nyaya mbili, mmoja wa kuinua, mmoja wa kuvuta.

"Mke wangu alifia wodi ile," alisema, bila kuondoa jicho tunduni. "Ufunguo wa mlango huu ulikuwa na wewe, safarini."

Mwanga wa tochi ulitikisika ukapanda ukutani.

"Rudisha taa hapa. Sijamaliza. Wakubwa wenzako walisema ni mapenzi ya Mungu, na wewe ukaacha iwe hivyo. Mimi namjua Mungu huyo tangu ujana. Leo nitakueleza yukoje, maana naona hamjuani. Wewe shika taa tu."

Na akaanza kueleza, polepole, huku kipande cha ufunguo kikisogea unywele kwa unywele. Mikononi mwa msimamizi taa ilitulia.

Kitasa kilipofunguka, wauguzi waliingia mbio na toroli. Fundi hakuinuka. Alichukua bisibisi, akatoa skrubu moja baada ya nyingine, akakivuta kitasa chote kutoka kwenye chuma, kizito, kimejaa grisi nyeusi, akakiweka katika mikono ya msimamizi.

"Na tutaufungaje mlango?" msimamizi aliuliza kwa sauti ndogo.

Fundi alikuwa akipanga vyombo vyake mfukoni. Mwanga wa balbu ya stoo ulipenya kwenye tundu pale kitasa kilipokuwa, ukaangusha doa juu ya ukuta wa pili wa korido. Toroli ilipopita, lilizimika, likarudi. Yule mtu wa benchi alivuta miguu yake ndani ili magurudumu yapite, ndala zikiwa bado mapajani.